Tujifunze kusimamisha pikipiki wenyewe

Maneno tuliyoyatoa mbele ya wahamasishaji wapya wa amani wa Masisi na Walikale



Mulitazamia tuanze na namna ya kuongoza baraza la upatanisho. Tutafika huko. Kwanza tunataka kuzungumza juu ya bekiye, ile miguu miwili ya chuma iliyo chini ya pikipiki, katikati. Wengine wanacheka. Sisi dada wawili tunaosimama hapa hatucheki, kwani bekiye ilitukosesha baraza moja.

Ilikuwa mwaka 2018. Tulitoka Nyabiondo kuelekea Kashebere, tuwasikilize akina mama wa soko kabla wazee hawajakaa. Munajua kwa nini soko lina uzito kwetu. Vita vya 1993 vilianzia sokoni Ntoto, katika Walikale, kisha vikaenea Masisi. Mama anayeuza mihogo huona mapema watu wanapoanza kukwepana.

Njiani mpira wa nyuma ukatoboka. Vifaa tulikuwa navyo, na kuziba tulijua. Lakini ili kutoa gurudumu la nyuma ilibidi pikipiki isimame juu ya bekiye. Tukaivuta kwa mikono, ikakataa. Tukavuta tena, ikatuangukia, na bomba la moshi likamwunguza mmoja wetu mguuni. Tulingoja zaidi ya saa mbili, jua likishuka, mahali ambapo hakuna mtu anayependa kungoja.

Mwishoni akapita motari mmoja. Akatuambia: «Musivute. Mukanyage.» Hakugusa pikipiki yetu. Alisimama kando akituelekeza mpaka tukaweza. Hatukumuuliza kabila lake, wala yeye hakutuuliza letu.

Tulipofika, baraza lilikuwa limekwisha. Maneno ya akina mama yalisemwa na wanaume. Njia ya shamba ambayo mama waliogopa kuipita haikutajwa hata mara moja.

Basi, hivi ndivyo tulivyofundishwa:

1. Tafuta mahali pa sawa na pagumu. Kwenye matope, weka jiwe bapa au ubao chini ya bekiye. Toa gia, achia breki, maana pikipiki itarudi nyuma kidogo.

2. Simama upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ushike usukani, wa kulia ushike chuma cha nyuma, chini ya kiti. Pikipiki iwe wima, isikulalie.

3. Shusha bekiye kwa mguu wa kulia, polepole, mpaka usikie miguu yake yote miwili imegusa udongo. Ukigusa mmoja tu, pikipiki itaanguka. Usiharakishe hapa.

4. Sasa panda juu ya bekiye kwa uzito wako wote, kama mtu anayepanda ngazi. Mikono inaongoza tu. Pikipiki itapanda yenyewe na kurudi nyuma.

5. Kuishusha, isukume mbele, kisha shika breki mara tu inapotua.

Kinachofanya kazi ni uzito wa mwili, na hata aliye mwembamba anao. Kwa miaka mingi tuliambiwa kazi ya uwanjani ni ya wanaume kwa sababu pikipiki ni nzito. Kumbe hakuna aliyetufundisha.

Mwaka 2025 vita vya M23 vilifika Masisi-centre mwezi wa kwanza na Walikale-centre mwezi wa tatu. Hatuwezi kuwaahidi barabara nzuri, wala kwamba patakuwa na mtu wa kuwasaidia njiani. Kwa hiyo tumekubaliana: kila mmoja, mwanamke kwa mwanamume, ataweka pikipiki juu ya bekiye na kuishusha mara kumi mbele yetu kabla hajapewa ufunguo.

Na ninyi ndugu wanaume, mukimwona dada anahangaika, musimnyang'anye usukani. Mufanye kama yule motari: simama kando, elekeza, ngoja. Mukishaweza hilo, kuongoza baraza hakutawashinda, maana hata huko mzigo ni wa wenyeji, na wao ndio wanaopaswa kuuinua.

Pikipiki ziko nje. Twendeni.