Deni isiyo yako haipashwi kukaa kwa jina yako

Mazungumzo yetu na vijana wa Butembo juu ya madeni ya uongo kwa mabanki na coopec



Watu wamezoea kutuona ku barabara juu ya usalama, juu ya maji, juu ya courant. Leo tunakuja na jambo ambalo halina kelele. Halichome matairi, haliite polisi, lakini linafunga maisha ya vijana wengi pole pole: mutu anaandikwa deni ambayo haiko yake, ao deni aliyokwisha kulipa, na tangu siku ile hakuna banki inamufungulia mulango.

Vijana wanakuja kutuona mumoja mumoja juu ya mambo haya, na kila mutu anazani ni yeye peke yake. Anasema kwa sauti ya chini, kama mutu mwenye haya. Njo maana tumeamua kuisema kwa sauti ya juu.

Kwanza tuelewe namna inatumika. Banki Kuu ya Congo, BCC, iko na kitu kinaitwa Centrale des risques. Muione kama daftari moja kubwa. Mabanki na mashirika ya mikopo midogo wanatumaga mule habari za wateja wao: nani alikopa, alikopa ngapi, analipa ao halipe. Kisha wengine wanaangaliaga mule mbele ya kutoa mukopo. Daftari ile haiko mubaya. Inasaidia mutu asikope fasi tano kwa mara moja na kuzama, inasaidia feza za wenye kuweka akiba zisipotee. Lakini daftari inaandika kile walichoipa. Kama ajan wa coopec aliandika uongo kule chini, uongo ule unapanda mupaka kule juu, na kule juu unakuwa "ukweli".

Makosa yanatokaga wapi? Tumeona njia ine ao tano.

Ya kwanza ni ajan anayepita ku soko kukusanya malipo. Unamupa feza, anaandika ndani ya kitabu chako kidogo, lakini ku biro haifike, ao inafika nusu. Siku anaacha kazi, deni inabakia kwa jina yako.

Ya pili ni majina. Hapa kwetu mutoto anapewa jina kufuatana na namna alizaliwa ndani ya familia. Kambale, Kasereka, Paluku, Kakule, Masika, Kahindo: ukiita moja ku soko, watu kumi watageuka. Na kwa miaka mingi karte yetu ya kujitambulisha imekuwa karte ya uchaguzi. Mutu akiandika jina bila kuangalia tarehe ya kuzaliwa na numero ya karte, deni ya Kambale mumoja inaangukia Kambale mwingine.

Ya tatu ni telefone. Namba iliyokuwa ya mutu mwingine inarudishwa ku soko, unaiuziwa wewe, na mukopo wake wa telefone unakufuata. Ao SIM iliandikishwa na karte ya mutu ambaye hata hajui.

Ya ine ni franga na dola. Ulikopa kwa dola, ulilipa kwa franga, wakahesabu kwa bei ingine ya dola. Ulizani umemaliza, kumbe kwao kulibakia dola mbili. Dola mbili zinazaa amande, amande inazaa amande.

Na ya mwisho: ulilipa yote, kila mutu anakubali ulilipa, lakini hakuna mutu alifunga dosie. Deni ilikufa, jina yake ikabakia hai.

Tuwape mufano moja. Mwenzetu mumoja, dada anayeshona nguo, alilomba mukopo wa mashini mbili za kushona. Wakamuambia: "Uko na deni ya dola mia ine na makumi tano kwa coopec ingine." Mukopo ule alikuwa amekwisha kuulipa wote, kidogo kidogo, kila juma, kwa ajan aliyekuwa anapita ku meza yake. Akaenda ku coopec. Wakamujibu: "Ordinatere haidanganyi." Mara ya pili shefu hakuwa. Mara ya tatu wakamuambia alipe nusu, "tumalize mambo". Bahati yake ni kwamba alikuwa ametunza kitabu kidogo, na mukono wa ajan ulikuwa mbele ya kila malipo. Tukaandika barua pamoja naye, tukaomba historia yote ya mukopo, tukalinganisha mustari kwa mustari. Malipo kumi na moja hayakukuwa ku biro. Nyuma ya juma saba wakakubali, wakafuta deni kwao. Lakini ku Centrale des risques jina yake ilikuwa ingali mule. Ikalazimika barua ya pili. Leo jina yake iko safi. Fasi aliyotaka kupangisha juu ya kazi yake, mwingine alikwisha kuichukua. Hakuna mutu aliyemurudishia ile.

Sasa, mbele ya kuendelea, tuseme jambo moja bila kuzunguka. Hatuko hapa kusaidia mutu kukimbia deni yake. Kama ulikopa, lipa. Kama huwezi, enda uongee nao mbele ya siku kufika, waombe wapange upya malipo. Na kama uliweka mukono wako chini ya mukopo wa rafiki, ao ulikuwa ndani ya kikundi ambamo kila mutu anasimamia wengine, rafiki akikimbia deni inakufikia kweli. Ile haiko kosa ya ordinatere. Feza ya coopec ni feza ya ba mama wa soko. Tukichanganya deni ya kweli na deni ya uongo, hakuna mutu atatusikia.

Lakini kama deni haiko yako, fanya hivi.

Usilipe hata kidogo "ili wakuache". Ukilipa, hata dola tano, unaonyesha kama unakubali deni. Na usiweke mukono ku karatasi yoyote bila kuisoma. Waambie: "Ninaibeba ku nyumba, nitairudisha kesho." Ni haki yako.

Omba karatasi zao. Kontra iliyo na mukono wako, na historia ya malipo yote. Sheria iko upande wako hapa. Kitabu cha tatu cha kode sivile, kilichotokana na dekre ya tarehe 30/07/1888, kinasema mu kipengele cha 197: anayedai deni njo anapashwa kuihakikisha, na anayesema alilipa anapashwa kuonyesha malipo. Kwa hiyo kama hukukopa hata siku moja, haiko kazi yako kuhakikisha. Wao njo wanapashwa kuleta kontra. Lakini kama ulikopa na ukalipa, karatasi za malipo ziko mukononi mwako wewe. Njo maana tunasema kila siku: tunza boredero, tunza kitabu kidogo, piga foto ya kila kimoja. Wino wa resi nyingine unafutika ku jua.

Andika barua. Kusema ku giche haitoshe, maneno ya mudomo yanatoka na upepo. Barua iwe fupi: jina zote tatu, tarehe ya kuzaliwa, numero ya karte, numero ya dosie wanayokudai, kosa ni gani, unaomba nini. Omba mambo matatu: wafute deni kwao, watume marekebisho ku Centrale des risques, na wakupe karatasi inayosema huna deni. Weka kopi za ushahidi, usitoe orijinali hata wakuombe kwa upole. Peleka barua mara mbili: moja inabakia, ingine wanakutilia kashe, tarehe na jina ya aliyepokea. Kopi ile yenye kashe ndiyo silaha yako.

Wakinyamaza, panda. Andikia direction yao kuu, kisha BCC, kwa sababu ndiyo inasimamia mabanki na mashirika ya mikopo midogo, na ndiyo inachunga daftari ile. Weka kopi ya barua ya kwanza. Tuko pia na Kode ya Numerike, ordonansi-sheria numero 23/010 ya tarehe 13/03/2023. Inampa kila mutu haki ya kujua habari gani zimeandikwa juu yake, na haki ya kuomba zile za uongo zirekebishwe. Taja sheria ile ndani ya barua yako. Anayesoma atajua kwamba unajua.

Na kama deni ya uongo ilikuharibia kazi, kipengele cha 258 cha kile kitabu cha tatu kinasema mutu aliyemuletea mwingine hasara kwa kosa yake anapashwa kuitengeneza. Ile inaendaga ku tribinali, na tribinali inaomba muda na feza. Uongee kwanza na avoka. Na ukipokea karatasi ya tribinali, usiiweke chini ya matandiko: siku zinahesabiwa.

Sasa tuongee juu ya polisi, kwa sababu hapa vijana wengi wanaogopa. Kuna wadai wanaopeleka watu kwa OPJ, wanawaweka ku kasho mupaka familia itafute feza. Musikie vizuri: inchi yetu iliitika mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia na za kisiasa, na kipengele cha 11 kinakataza kufunga mutu kwa sababu tu hawezi kulipa deni ya kontra. OPJ haiko mukusanya madeni. Udanganyifu na wizi ni jambo ingine, lakini deni ni ya tribinali ya sivile. Na hata mutu akikamatwa kwa kosa yoyote, Katiba mu kipengele cha 18 inasema aelezwe palepale sababu, kwa luga anayosikia, na asipitishe saa 48 ku kasho bila kufikishwa mbele ya wenye kuhukumu. Wakikubeba, tuma habari kwa familia na kwa sisi. Usipigane, usikimbie, usiweke mukono ku karatasi ya kukubali deni mule ndani.

Mutatuuliza: juu ya nini mouvement ijiingize mu mambo ya mukopo ya mutu mumoja? Kwa sababu mutu mumoja akienda ku giche anaambiwa "rudi kesho". Watu makumi tatu wakileta barua makumi tatu juma moja, wenye biro wanajua kwamba kosa haiko ya mutu, iko ya namna wanatumika. Na kijana asiyeweza kupata mukopo wa haki anaenda kwa wakopeshaji wa kartier, ambao riba yao inameza pikipiki na mutu pamoja.

Kwa hiyo tunaomba mambo ine. Mabanki na coopec watoe resi ya kila malipo siku ileile, hata ya franga elfu moja. Wasitume jina ya mutu ku Centrale des risques mbele ya kumuandikia na kumupa muda wa kujibu. Waandike tarehe ya kuzaliwa na numero ya karte, jina peke yake haitoshe. Na BCC ieleze wazi, kwa Kiswahili pia, mwanainchi wa kawaida apitie wapi ili aone jina yake na kuomba irekebishwe.

Maombi haya tutayaandika kama petisyo. Katiba, kipengele cha 27, inampa kila Mukongomani haki ya kupeleka petisyo kwa serkali, peke yake ao pamoja na wengine, na serkali inapashwa kujibu mu miezi tatu. Hakuna mutu anaweza kushitakiwa kwa sababu aliweka mukono ku petisyo.

Mbele ya kutoka, wenye kuwa na dosie kama hizi mubakie kidogo. Wenzetu watatu wanaojua kuandika barua wako ku meza pale nyuma, na karatasi ziko. Hatulipishe kitu. Muje na kitabu chenu kidogo, muje na boredero, hata zile zilizopasuka. Tutasoma pamoja, mustari kwa mustari. Na kama tukikuta deni ni yako kweli, tutakuambia vilevile.