Malimau Manne na Swali la Kijana

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kufundisha elimu ya umeme katika shule za sekondari, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi nilifundisha somo hili kwa chaki peke yake. Wanafunzi waliikariri kanuni ya Ohm, wakaiandika katika mtihani, wakaisahau. Hata siku moja nikawaagiza waunde betri kwa mikono yao. Kila kundi lilichukua malimau manne, likachomeka katika kila limau msumari uliopakwa zinki na kipande cha waya wa shaba, kisha likaunganisha shaba ya limau moja na msumari wa limau la pili, hata mwisho. Mita ikaonyesha volti 3 na zaidi. Wakashangilia.

Kijana mmoja akaunganisha balbu ya kurunzi. Haikuwaka. Akaniuliza, “Mwalimu, betri mbili za kurunzi zina volti 3, na balbu huwaka. Malimau yetu yamezidi hapo. Mbona ni giza?” Sikuwa na jibu, na kwa kuona haya mbele ya darasa nikamwambia, “Umeunganisha vibaya. Keti.” Lakini alikuwa ameunganisha sawasawa. Akaketi kimya, wala hakuuliza tena siku ile.

Usiku sikupata raha. Kesho yake nikamwita mbele, nikakiri kwamba kosa lilikuwa langu, nikamwomba apime tena, safari hii balbu ikiwa imeunganishwa. Mshale wa mita ukaanguka karibu na sifuri. Hapo tukafahamu sote. Ndani ya limau umeme hupita kwa shida, kama pipa la maji lililo juu ya dari, na bomba lake jembamba kama unyoya: maji yako juu, lakini hutoka matone tu. Balbu yataka umeme mwingi. Kisha tukaunganisha kitaa kidogo chekundu cha diodi, kilichotolewa katika redio mbovu, ambacho hutosheka na umeme kidogo sana. Tukafunga madirisha, nacho kikawaka hafifu. Tangu hapo hakuna aliyeisahau kanuni ile.

Tena yafaa tukumbuke kuwa Georg Ohm mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule huko Köln, Ujerumani. Betri za siku zake ziliyumba, zikamharibia vipimo. Akaziacha, akaunganisha shaba na bismathi, upande mmoja katika maji yachemkayo, upande wa pili katika barafu, akapata umeme mtulivu. Mwaka 1827 akatoa kitabu chake. Kanuni tunayoikaririsha ilizaliwa katika vyombo vilivyokataa kutii.

Basi, walimu wenzangu, waacheni wanafunzi waunde, na kitu kisipowaka msikimbilie kukitengeneza wala kuwanyamazisha. Ulizeni pamoja nao, “Mbona?” Illa mambo mawili myashike: umeme wa ukutani usiguswe kamwe katika majaribio haya, maana huua, na malimau yaliyochomwa misumari yasiliwe, maana zinki na shaba huingia ndani yake.

Mwalimu asemaye “sijui, tupime” hapungukiwi heshima. Mimi nilikaribia kumpoteza mwanafunzi kwa kuogopa maneno hayo mawili.

Kwaherini.