Ulinzi wa Mkutano ni Haki, si Hisani

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, kabla ya mkutano wa hadhara wa Jumapili



Tumewaiteni leo kwa jambo moja. Jumapili ijayo tutafanya mkutano wa hadhara. Taarifa imekwisha pelekwa polisi kwa maandishi, na nakala yenye mhuri tunayo. Walakini wengi wenu mmetuuliza: wakija watu na mawe kama walivyokuja mara iliyopita, na askari wakasimama kando kama watazamaji wa ngoma, tutafanya nini? Na juzi vijana wachache walitujia na jawabu lao wenyewe. Wanataka ruhusa waende kwenye mkutano wa wapinzani wetu, wakawafanyie kama tulivyofanyiwa sisi. Maswali haya mawili yana jibu moja, nasi twaomba mtuvumilie tulieleze.

Kwanza tuitazame sheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilitamka kwamba chama kilichoandikishwa kina haki ya kufanya mikutano ya hadhara baada ya kumpa taarifa mkuu wa polisi wa pahala hapo. Ikatamka tena kwamba chama kina haki ya kupata ulinzi na msaada wa vyombo vya usalama ili mkutano uende kwa amani. Basi askari anayekuja uwanjani Jumapili hatufanyii hisani. Anakuja kutimiza wajibu, na mshahara wake unatoka katika kodi ya mama muuza vitumbua na ya mvuvi. Tunayasema haya tukijua jinsi haki hiyo inavyoweza kuwekwa kabatini: mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikatazwa, na katazo hilo halikuondolewa mpaka Januari 2023.

Pili, iko hoja tunayoambiwa kila mara: "Nyinyi hamna kosa, lakini mkikutana wenzenu watakasirika, na fujo itatokea, basi afadhali msikutane." Hoja hii ni kongwe, na jibu lake ni kongwe vile vile. Mwaka 1882, katika mji wa Weston-super-Mare huko Uingereza, watu wa Jeshi la Wokovu walikuwa wakiandamana kwa nyimbo na ngoma zao. Kundi lililojiita Skeleton Army likawa linawavamia njiani. Mahakimu wa mji hawakulikamata kundi lile. Waliwatia hatiani walioandamana. Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya London, majaji waliitengua hukumu. Walisema kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kufanya jambo la halali eti kwa sababu jambo hilo litamfanya mtu mwingine atende haramu. Watawala wa Kiingereza waliokuja kututawala waliijua vizuri hukumu hiyo, ingawa hawakupenda kuikumbuka walipokuwa kwetu.

Tatu, hebu tuwape kisa cha watu waliokutana kwa halali na wakaachwa wapigwe. Mnalijua jina la Paul Robeson, mwimbaji Mweusi wa Marekani. Alipokuwa London katika miaka ya 1930 alijifunza lugha za Afrika, na Kiswahili kikiwa kimojawapo, kwa kuwa aliona fahari ya asili yake. Alikuwa akisema wazi dhidi ya ubaguzi na dhidi ya ukoloni, na kwa hilo alichukiwa.

Tarehe 27 Agosti 1949 alitakiwa kuimba karibu na mji wa Peekskill, katika jimbo la New York. Kabla hajafika, kundi kubwa liliwavamia waliotangulia, wakiwamo wanawake na watoto. Watu walipigwa, viti vikachomwa moto, na msalaba ukawashwa kilimani kwa desturi ya Ku Klux Klan. Polisi waliitwa tena na tena, na saa zikapita kabla hawajafika kwa idadi ya kufaa. Robeson alilazimika kurudi njiani.

Wenzetu wale hawakukata tamaa. Tarehe 4 Septemba walirudi, na safari hii walikuwa kiasi cha watu 20,000. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi walisimama bega kwa bega wakauzunguka uwanja wote. Robeson akaimba mpaka mwisho, na ndani ya uwanja hapakuwa na vurugu. Polisi siku hiyo walikuwapo kwa mamia.

Maafa yalikuja wakati wa kutoka. Mabasi na magari yalipita katika barabara nyembamba, na kandokando walikuwa wamejipanga watu wenye marundo ya mawe. Vioo vilivunjwa, nyuso zikapasuka, na watu zaidi ya 140 wakajeruhiwa. Askari wengi walisimama wakitazama, na wengine wakaingia katika kupiga. Eugene Bullard, Mweusi aliyerusha ndege ya vita upande wa Ufaransa mwaka 1917, alipigwa chini na rungu la askari lilikuwa miongoni mwa yaliyomwangukia. Picha zilipigwa, zikaonekana, wala hakuna aliyeshitakiwa kwa hilo. Mwimbaji Pete Seeger aliyachukua baadhi ya mawe yaliyoingia garini mwake, akayajengea dohani ya nyumba yake yasipate kusahauliwa. Na serikali ya jimbo ilipofanya uchunguzi, lawama iliwashukia walioalika watu kusikiliza nyimbo.

Ndugu wanachama, kisa hiki kinatufunza jinsi ya kuupima ulinzi. Msihesabu askari tu. Peekskill walikuwa wengi. Tazameni mambo matatu. Kwanza, askari wamegeuza uso upande gani: kwa wenye mawe, au kwa wasikilizaji? Pili, ni nani anayelinda njia ya kurudi nyumbani? Mshari mwenye akili hauvamii uwanja uliojaa; anangoja watu watawanyike wawiliwawili vichochoroni. Tatu, baada ya fujo ni nani anayelala rumande: aliyerusha jiwe, au aliyepasuliwa kichwa? Askari aliyekunja mikono mbele ya jiwe linalorushwa amekwisha chagua upande, hata kama hakutamka neno.

Basi Jumapili tutafanya hivi. Wasimamizi wetu watavaa vitambaa vya kijani mkononi, wala hapana atakayebeba fimbo, hata ya kutembelea, isipokuwa wazee wanaoihitaji. Mkutano utafungwa jua lingali juu. Akina mama, watoto na wazee watatangulia kuondoka, na vijana watawasindikiza mpaka mitaani kwao. Kamati itamwomba mkuu wa polisi, kwa barua, aweke askari wake penye njia panda na pale sokoni, kusudi asije akasema hakujua. Mwenye simu apige picha, na mwenye kalamu aandike saa, pahala na namba ya askari. Atakayeumizwa apelekwe kituoni apewe fomu ya PF3, kisha hospitali. Na jalada lifunguliwe siku ile ile, kwa kuwa shitaka lisiloandikwa ni hadithi ya barazani. Na jiwe likija, lisirudishwe. Siku tutakayorusha la kwanza, au hata la pili, tutakuwa tumempa askari udhuru aliokuwa akiutafuta.

Sasa twageukia ombi la vijana. Vijana wetu, uchungu wenu twaujua. Baadhi yenu mna makovu. Lakini twawakatalia, tena mbele ya hadhara hii. Mkienda kuuvunja mkutano wa wapinzani wetu, mtakuwa mmesimama pale pale waliposimama wenye mawe wa Peekskill. Na siku tutakapokwenda mbele ya hakimu kudai ulinzi, tutatamka nini? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Haki ya mkutano haikuandikwa kwa jina la chama chetu. Ikifa kwao Jumamosi, haitakuwa hai kwetu Jumapili.

Tena twasema zaidi. Sisi twataka kushika serikali siku moja. Siku hiyo askari hawa watakuwa chini yetu, na wako watakaotushauri tuwaache wakunje mikono wapinzani wanapopigwa. Chama kisichojifunza leo kujizuia kikiwa hakina kitu hakitajizuia kikiwa na kila kitu.

Kwa hiyo Jumamosi vijana wetu watabaki majumbani, au watakwenda uwanjani kwa wapinzani kusikiliza kwa adabu kama raia wengine. Na wakiona mtu ameokota jiwe, hata awe mwenye kadi ya chama chetu, wamshike mkono. Jumapili tutakutana saa tisa alasiri. Njoni kwa wingi, njoni mikono mitupu.

Uhuru na Haki!