Vijana Wetu wa Chuo Kikuu Wamekaa Wapi?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanachama wanaotoka Meru na Embu. Inachapwa hapa kwa ombi la waliokuwapo.)



 Mimi si msomi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikafundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kusali, kisha nikaingia kazini. Basi nikisema juu ya Chuo Kikuu nasema kama mtu aliyesaidia kulipa karo, si kama mtu aliyekaa darasani.

Mnajua tulilokutania. Lipo pendekezo kwamba kila mtoto atakayesaidiwa na mfuko wetu wa masomo kwenda Chuo Kikuu cha serikali atie sahihi kuwa akimaliza atarudi Meru au Embu na kufanya kazi huko miaka mitatu, na asiporudi, mzazi wake arudishe pesa zote. Mwezi uliopita mimi ndiye niliyeliunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Leo nimesimama kuwaambia kwamba nimegeuka, na ni haki yenu kujua kwa nini.

Hasira iliyozaa pendekezo hili naijua, maana nilikuwa nayo. Chuo Kikuu cha serikali hakiendeshwi kwa karo ya mzazi peke yake. Kodi ya mishahara yetu imo, ile inayokatwa kabla hatujauona mshahara wenyewe. Kodi ya sabuni na mafuta ya taa anayonunua mama yangu huko Igoji imo pia. Kisha kijana anafuzu, na mama yule akiugua anapanga foleni tangu alfajiri, anaambiwa daktari hayupo. Mtu akiuliza daktari wetu tuliyemsomesha yuko wapi, hajatukana mtu.

Mwaka 2006 wachunguzi walichapa hesabu yao juu ya madaktari wa Kenya. Walisema kumsomesha daktari mmoja, tangu shule ya msingi hadi kufuzu, kuligharimu karibu dola 66,000 za Kimarekani, na kwamba kila daktari aliyehama nchi aliipotezea Kenya karibu dola 518,000. Tarakimu hii ya pili imetajwa sana, na mimi mwenyewe niliipiga kama ngoma hapa mwezi uliopita. Tangu siku ile nimemwomba karani mmoja wa hesabu anieleze ilivyopatikana. Walichukua gharama ya masomo wakaihesabu kana kwamba imewekwa benki, ikizaa riba juu ya riba miaka yote ambayo daktari angefanya kazi mpaka kustaafu. Kwa hivyo si pesa zilizotolewa katika hazina zikapandishwa ndege. Ni faida ambayo nchi ingeipata kama daktari angekaa, na kama angepewa kazi.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonigeuza.

Tukumbuke ya juzi tu. Tarehe 14 Machi 2024 madaktari wa hospitali za serikali waligoma, na mgomo ukaenda siku 56. Jambo moja kubwa lililogombaniwa lilikuwa madaktari vijana waliomaliza masomo, ambao kwa sheria lazima wafanye mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini ndipo waandikishwe kuwa madaktari kamili. Mapatano ya mwaka 2017 yaliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema haina pesa hizo, itatoa 70,000. Wengine walikuwa wamekaa nyumbani muda mrefu wakingoja tu kupangiwa hospitali. Hao hawakukimbia. Walikuwa hapa hapa, wakigonga mlango.

Na miaka sita kabla ya hapo, Juni 2018, serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba wakagawanywa katika kaunti zote 47. Mwaka 2023 mpango ule ukakomeshwa. Sina neno baya juu ya Wacuba, walitibu watu. Nasema tu kwamba kwa ajili yao nyumba zilitafutwa, na usalama wao ukafikiriwa kabla hawajatua. Yaonekana tunajua kumpokea daktari, ila awe amevuka bahari kwanza.

Wazee wa upande wa Chuka na Chogoria, ambako zamani kote kulikuwa Wilaya ya Meru, mtaniwia radhi nikiwasimulia mnayoyajua. Daktari Clive Irvine wa misheni ya Uskoti alifika Chogoria mwaka 1922. Alikaa miaka mingi, na mwanawe Geoffrey akawa daktari pale pale baada yake. Twapenda kusema alikaa kwa sababu ya wito. Mimi nimelelewa na misheni, sitaudharau wito. Lakini alikuwa pia na nyumba, na hospitali iliyokua mbele ya macho yake, na kanisa lililokuwa nyuma yake. Mtu wa Uskoti alikaa Chogoria, na kijana aliyezaliwa Chogoria anakaa Nairobi, au anakwenda Uingereza kabisa. Kabla ya kumlaumu kijana, tutazame kila mmoja alikuta nini pale alipofika.

Sasa nije kwenye sahihi ya miaka mitatu, maana si jambo jipya. Kabla ya mwaka 1974 serikali ya Kenya ililipa gharama yote ya Chuo Kikuu, na aliyesomeshwa alitakiwa kuitumikia serikali miaka mitatu. Ndipo mikopo ikaanza. Waliotoa pendekezo letu wamesema, "Zamani iliwezekana, kwa nini leo isiwezekane?" Swali zuri. Iliwezekana kwa sababu kiti kilikuwa kinangoja. Wazungu walikuwa wakiondoka, na kila ofisi ya wilaya, kila hospitali, kila shule ya sekondari ilitafuta Mwafrika mwenye digrii. Tom Mboya, akiwa bado katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi, alipopeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege Septemba 1959, hakuhitaji kuwafunga kamba ili warudi. Wengi wao walirudi kwa sababu nchi mpya ilikuwa na kazi ya kuwapa. Kwetu mwalimu Bernard Mate alikuwa ameingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, na Jeremiah Nyagah wa Embu, aliyesoma Makerere, akaingia mwaka 1958. Watu wenye elimu walikuwa wachache hivi kwamba nchi nzima iliwajua kwa majina.

Mkataba ule ulikuwa na pande mbili. Kijana alifungwa kuja, na serikali ilifungwa kumpokea. Sisi hapa tunataka kumfunga mtoto peke yake.

Niwape mfano wa nyumbani kwangu. Mdogo wangu wa kike alimaliza Chuo Kikuu cha serikali, ana digrii ya ualimu wa sayansi. Kahawa ya mama ilitoa sehemu, mshahara wangu ukatoa sehemu, mkopo ukatoa nyingine. Alipomaliza alirudi Meru yeye mwenyewe, bila sahihi ya mtu. Akafundisha katika shule moja akilipwa kwa michango ya wazazi, na mwezi wazazi walipokosa, na yeye akakosa. Alivumilia miaka miwili. Leo anauza vifuniko vya simu mjini Nairobi na analala kwenye kochi langu. Basi mtu akiniuliza mwalimu wa sayansi wa Meru amekaa wapi, nina jibu kamili, mpaka namba ya mlango. Na kama pendekezo hili lingekuwa sheria wakati ule, mama yangu angedaiwa na mfuko huu kwa sababu binti yake alikosa kazi.

Mtasema huyo ni mmoja. Mwaka 2023 serikali iliwachukua waalimu wa sekondari msingi kwa jina la mafunzo ya kazi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Walikuwa na vyeti, wengi wana digrii, na walifundisha darasa zima kama mwalimu mwingine yeyote. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilisema mpango ule haukuwa halali. Sisi watu wa chama tunalijua jambo hili kwa jina lake la zamani: kibarua. Ukimfanya mtu wa digrii kuwa kibarua, usishangae akiondoka kama kibarua, siku atakayosikia kwingine wanalipa zaidi.

Kuna neno jingine ambalo pendekezo limelipitia mbio. "Arudi Meru au Embu." Meru ipi? Embu ipi? Vijana wengi kweli wamerudi Embu, lakini nenda ukawatazame: wako mjini, na wachache wako Runyenjes na Manyatta, penye chai na kahawa na lami. Shuka Siakago, shuka mpaka Kiambere, ambako mabwawa yanatoa umeme wa nchi nzima, uhesabu wangapi wamekaa. Kwetu ni vivyo hivyo: Imenti imeshiba, na Tharaka yangoja. Hili halikuletwa na uvivu wa vijana. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziwekwe penye faida ya haraka, yaani penye ardhi nzuri na mvua. Pesa zikaenda huko, barabara zikazifuata, na watu wenye elimu wakafuata barabara. Hata reli yetu iliishia Nanyuki, haikupanda Meru wala haikufika Embu.

Tena nauliza: mwalimu wa Embu akipelekwa Turkana akakaa huko miaka kumi, je, amewaibia watu wa Embu? Kwa pendekezo hili ndiyo, mzazi wake atalipa. Kwa serikali ametimiza kazi nzuri kuliko angalikaa mjini Embu akiwa mwalimu wa kumi na tano wa somo lile lile. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yenyewe inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zipewe watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti ile. Kila mlima ukidai watoto wake warudi, nani atakwenda tambarare?

Wapo waliojipa moyo kwamba vyuo vikuu vimeletwa karibu. Ni kweli, Chuka na Meru vilipata hati zao mwaka 2013, na Embu mwaka 2016. Nafurahi, na wenye nyumba za kupangisha huko Nchiru wanafurahi zaidi. Lakini chuo kinatoa vyeti; hakitoi nafasi za kazi. Kijana aliyesomea Embu apanda gari la Nairobi asubuhi kama yule aliyesomea Nairobi anavyobaki huko.

Mzee mmoja aliniambia mlangoni: "Wacha waende ng'ambo, wanaleta pesa." Wanaleta. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 5, na pesa hizo zimejenga nyumba nyingi za mawe kwetu. Ila pesa ya kijana wangu hujenga nyumba ya mama yangu. Haimtibu jirani ambaye hana mtoto ng'ambo, naye alilipa kodi ile ile ya sabuni.

Basi nasema tufanye nini? Mfuko uendelee. Atakayesaidiwa arudishe kidogo kidogo tangu siku aliyopata mshahara, popote alipo, ili mwingine asome. Tusimfunge mahali. Tutakalodai mahali, tulidai kwa wenye uwezo wa kulitoa. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ina hesabu ya kila kijana na deni lake. Iombwe ipunguze sehemu ya deni kwa kila mwaka ambao daktari, muuguzi, mwalimu au mhandisi amefanya kazi mahali pagumu kama Mbeere au Tharaka. Na kaunti zijenge nyumba penye zahanati na shule. Wazee wetu waliokaa Muthurwa na Makongeni wanakumbuka: enzi za East African Railways mtu alipohamishwa alipewa barua, na pasi ya safari, na nyumba ya landi ilikuwa hesabu ya relwe, si yake. Landi ilivuja, wengine walilala wawili chumba kimoja, nayajua yote hayo. Lakini hakuna aliyeshushwa stesheni usiku akaambiwa atafute pa kulala. Muuguzi anayepelekwa chini kule leo huambiwa hivyo.

Na waalimu na madaktari wakigoma, tuache kusema wana digrii hawana shida. Walipa kodi ni sisi, wagonjwa ni sisi, na wao ni wafanyakazi.

Nimeandika barua mbili, moja kwa Bodi ya Mikopo na nyingine kwa mabaraza ya kaunti ya Meru, Embu na Tharaka Nithi. Kiswahili chake si kizuri sana, atakayeona kosa alisahihishe. Zipo kwa katibu, kwenye meza iliyo karibu na mlango, pamoja na karatasi ya sahihi. Anayetaka pendekezo la kwanza libaki, naye ana haki ya kusimama sasa aseme, na mimi nitakaa nimsikilize.