Kivoi, Simba wa Tsavo na Uzito wa Ushahidi

Makala ya Wikipedia huweza kuhaririwa na karibu yeyote. Kwa hiyo makala kuhusu Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, huaminika kwa kiasi cha marejeo yake tu. Na marejeo hayo msomaji anaweza kuyakagua.

Filamu haitoi nafasi hiyo. *The Ghost and the Darkness* ya 1996, juu ya simba wawili wala watu wa Tsavo, jirani na Makueni nchini Kenya, ilipigwa picha Afrika Kusini. Mwindaji Remington wa filamu hiyo ni wa kubuni: mhandisi Patterson ndiye aliyewaua simba wote wawili, Desemba 1898, nao, tofauti na wale wa filamu, hawakuwa na manyoya marefu shingoni. Hata Patterson mwenyewe si wa kuaminiwa bila kukaguliwa: alidai watu 135 waliliwa. Lakini utafiti wa 2009 ulikadiria 35. Walimu wa historia wasiifanye filamu hiyo kuwa ushahidi.