Doksisaiklini na jua letu la Pwani

Mazungumzo ya mfamasia mbele ya baraza la wananchi, Msambweni



Nimeombwa nizungumzie madhara ya antibiotiki. Ziko nyingi, na kila moja ina tabia yake. Leo nachukua moja tu, doksisaiklini, kwa kuwa hiyo ndiyo inayogombana na kazi zetu za huku.

Tunaitoa kwa magonjwa ya zinaa kama klamidia, kwa kifua na kwa maambukizi mengine. Baadhi ya wageni wa Diani huimeza kila siku kujikinga na malaria. Ni dawa nzuri, lakini huifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua. Mvuvi wa Gazi aliyezoea kushinda baharini anaweza kuona ngozi ya uso na mikono inawaka kama aliyemwagikiwa maji moto. Akina mama wa mwani kule Kibuyuni nao husimama majini saa nyingi, na maji hurudisha jua usoni. Usiseme, "Mimi mweusi, jua nimelizoea." Vaa shati la mikono mirefu na kofia pana, au jitande leso, mpaka dawa iishe na siku chache baadaye.

Jambo la pili ni koo. Wengi humeza kidonge kwa funda moja la maji kisha hulala. Kidonge hukwama njiani, huyeyuka papo hapo na kuchoma. Kesho yake hata uji unauma kupita. Kimeze baada ya chakula, kwa bilauri nzima ya maji, ukae wima nusu saa au zaidi. Wewe unayevua usiku, usimeze kisha ukajinyoosha ndani ya mashua.

Kichefuchefu na tumbo kulegea kidogo hutokea, na chakula husaidia. Maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu huizuia dawa isiingie mwilini, basi viachanishe kwa muda wa saa mbili au tatu.

Sasa wako wanaoacha dawa kimya kimya siku ya pili kwa sababu ya tumbo. Ugonjwa unabaki, na kama ni wa zinaa, mwenzako nyumbani anaambukizwa. Rudi ulikopewa. Mara nyingi tunakurekebishia namna ya kumeza tu, au tunakupa nyingine.

Lakini ukiona midomo au ulimi umevimba, pumzi inabana, ngozi inatoka malengelenge, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au unaharisha damu, acha dawa uje hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Kuharisha damu kunaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi. Njoo na pakiti yake. Sisi tutapeleka ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Mjamzito atuambie kabla hatujampa. Na ukibakisha vidonge usimpe mtoto wa jirani: kwa walio chini ya miaka 8 dawa hii inaweza kuacha madoa ya kudumu kwenye meno. Virudishe kwetu.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.