Tetemeko la Nchi

Ghuba ya Winam ni tawi la Bonde la Ufa. Miamba iliyo chini huvutwa polepole miaka mingi, kisha hukatika ghafula, na nchi hutetemeka. Huko Subukia, tarehe 6 Januari 1928, ardhi ilipasuka wazi.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Bukoba, ng’ambo ya Ziwa, hata Kenya likasikika. Watu zaidi ya 15 walikufa. Lakini muuaji hasa ni ukuta: nyumba ya fito huyumba, bali matofali yaliyoungwa kwa udongo tu humwagika. Aliye ndani na aingie chini ya meza imara; aliye nje asikimbilie nyumbani.